Namna ya kufungua kampuni ya uhusiano na umma Lubumbashi

Kazi yangu ya kwanza ya kulipwa ilikuwa sherehe ya kukabidhi kisima. Mteja, kampuni ya ujenzi, alikuwa amechimba kisima cha pampu katika kartye (mtaa) moja ya komini Annexe na alitaka mji mzima ujue. Niliandika komunike, yaani taarifa kwa waandishi, kwa Kifaransa kizuri, nikaita redio nne, nikakodi viti mia moja, hema mbili na spika. Kwenye komunike nilisema tatizo la maji la kartye ile limekwisha. Siku ilipofika, mkurugenzi alikata utepe, akapiga pampu mara tatu, maji yakatoka, watu wakapiga makofi. Kisha mama mmoja aliyesimama nyuma na bidoni mbili za manjano akauliza, kwa sauti ambayo haikuhitaji spika: "Balisema batatuletea pompe tatu. Hii iko moja. Ingine mbili iko wapi?"

Mkurugenzi akanigeukia mimi. Mimi sikujua lolote kuhusu pampu tatu. Kumbe mfanyakazi wake mmoja alizitaja miezi minane nyuma, katika mkutano uliofanyika chini ya mwembe, na hakuna aliyeandika. Jioni redio mbili zilitoa sauti ya yule mama. Ya mkurugenzi haikusikika popote. Fakture yangu ililipwa nusu.

Karibu kila ninachoshauri hapa chini nilijifunza siku ile, au kwa kujaribu kutorudia siku ile.

Hatua ya 1: Jua unauza nini

Ukisema hapa mjini kwamba unafanya uhusiano na umma, watu watadhani unapanga sherehe, au unapiga picha, au una namba za waandishi wa habari. Hayo yote yamo. Lakini ukiyauza peke yake utashindana na kila kijana mwenye kamera, na bei itashuka hadi pesa ya teksi. Tangazo linalipiwa, na kila anayelisikia anajua limelipiwa. Habari anaiamua mwandishi. Kazi yako iko kati ya hayo: kumfanya mteja aeleweke kwa watu ambao maisha yao yanaguswa na shughuli zake, na kumrudishia mteja maneno ya watu hao hata kama hayamfurahishi.

Wamarekani husimulia habari ya Ivy Lee. Mwaka 1906 treni ya Pennsylvania Railroad ilitumbukia majini karibu na Atlantic City na kuua watu zaidi ya 50. Kampuni za reli za wakati ule zilikuwa na desturi ya kuficha ajali. Lee, aliyekuwa mwandishi wa habari kabla ya kuwa mshauri wa kampuni ile, aliishawishi itoe taarifa yenyewe na iwapeleke waandishi mahali pa ajali. Taarifa ile hutajwa mara nyingi kuwa komunike ya kwanza. Namheshimu kwa hilo, ingawa baadaye alipokea wateja ambao mimi nisingewagusa hata kwa kijiti.

Lakini Lubumbashi ina jambo lake. Mji huu ulianzishwa mwaka 1910 kwa sababu ya shaba, na kwa miaka mingi kampuni ya migodi, ile iliyokuja kuitwa Gécamines, ilitoa kazi, nyumba, shule, hospitali na mgao wa unga. "Gécamines njo baba, njo mama," wazee wetu walisema, na walimaanisha. Halafu mwaka 2003 ukaja mpango wa "kuondoka kwa hiari," wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakatoka Gécamines, na kila familia iliyohusika inajua hiari ile ilikuwa ya namna gani. Kwa hiyo kampuni yoyote ikisimama leo mbele ya watu na kusema "tutasaidia jamii," wanaosikiliza wanakumbuka. Wanahesabu pampu.

Ndiyo maana mimi siuzi kelele. Ninauza utunzaji wa ahadi: mteja aahidi anachoweza, watu wasikie kwa lugha yao kile alichoahidi, na kisipotimia waambiwe mapema.

Hatua ya 2: Chagua mteja wa namna moja

"Tunahudumia wote" ni maneno ya mtu asiye na mteja. Chagua uwanja mmoja kwa mwaka wa kwanza.

Uwanja mkubwa hapa ni migodi, na sheria imekufungulia mlango. Kodi ya Madini (code minier, yaani sheria kuu ya migodi, si ushuru) ilivyorekebishwa na sheria namba 18/001 ya tarehe 9 Machi 2018 inamtaka mwenye hati ya kuchimba asaini na jamii zinazoguswa na mradi daftari la masharti, lile linaloitwa kwa Kifaransa cahier des charges, na atenge angalau 0.3% ya mauzo yake kwa miradi ya maendeleo ya jamii hizo. Makaratasi hayo ni manene na yako kwa Kifaransa. Mara nyingi hata waliosaini kwa niaba ya kijiji hawawezi kukwambia ukurasa wa tano unasema nini. Hapo pana kazi halali: kufasiri, kueleza mikutanoni, kupokea malalamiko, kuyaandika na kuyafuatilia.

Usijidanganye, lakini. Mgodi mkubwa hautampa kazi hiyo mtu aliyefungua kampuni mwezi uliopita. Ingia kupitia wanaoufanyia mgodi kazi: mwenye malori, mjenzi wa barabara, anayepika chakula cha wafanyakazi. Hao nao wana watu wanaowalalamikia, vumbi wanalotimua, vijana wa kartye wanaodai ajira, na kwa kawaida hawana mtu hata mmoja wa kushughulikia hayo. Na ukiwa Mkongomani mwenye kampuni yako, sheria namba 17/001 ya tarehe 8 Februari 2017 inakusaidia, kwa kuwa kazi za ukandarasi mdogo imeziwekea kampuni ambazo mtaji wake mwingi ni wa Wakongomani. Anayesimamia ni ARSP, mamlaka ya serikali ya ukandarasi mdogo. Jiandikishe huko mapema, maana idara za manunuzi za kampuni kubwa zitakuuliza cheti hicho kabla hawajakuuliza jina.

Nje ya migodi kuna kliniki, shule za binafsi (wasubiri mwezi wa tano, wakati wanaanza kuhangaikia uandikishaji wa Septemba), mahoteli, na mawakala wa forodha wa Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Wanasiasa? Wanalipa vizuri kwa miezi mitatu, halafu jina lako linabaki limepakwa rangi ya chama kwa miaka mitano. Mimi nilikataa mapema na sijajuta, ila sina ugomvi na anayekubali.

Hatua ya 3: Makaratasi

Nenda Guichet Unique de Création d'Entreprise. Uamuzi wako wa kwanza ni kama unafungua établissement, biashara ya mtu binafsi kwa jina lako, au SARL, kampuni yenye dhima yenye kikomo. Tangu Kongo iingie OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja za biashara, mwaka 2012, SARL inaweza kuwa na mwenye hisa mmoja tu, kwa hiyo usitafute shemeji wa kujaza karatasi. Établissement ni nyepesi kuanza nayo, lakini deni la biashara ni deni lako wewe na nyumba yako. Kwa kazi za kampuni kubwa, SARL.

Utatoka na namba ya RCCM (rejista ya biashara), Id. Nat. (namba ya utambulisho wa taifa) na namba ya kodi ya DGI (idara ya kodi). Ukiajiri, kuna CNSS (hifadhi ya jamii), INPP (mafunzo ya kazi) na ONEM (ofisi ya ajira). TVA, kodi ya ongezeko la thamani, ni 16%, basi kwenye kila hati ya bei andika wazi kama bei ni bila TVA au pamoja nayo. Nimeona watu wakipoteza faida yote kwenye mstari huo mmoja. Fungua akaunti ya benki kwa jina la kampuni, maana M-Pesa ya dada yako haitapita kwa mhasibu wa mtu.

Jambo dogo ambalo hakuna aliyeniambia: kwenye katiba ya kampuni, mahali pa shughuli, taja ushauri wa mawasiliano, uhusiano na umma, maandalizi ya mikutano, uchapaji na tafsiri. Mimi sikuandika tafsiri. Kampuni moja ilinipenda, ikanipa kazi ya kufasiri mikutano ya vijijini, kisha idara yao ya manunuzi ikanirudisha mlangoni kwa sababu neno hilo halimo kwenye karatasi yangu.

Hatua ya 4: Fungua daftari la ahadi

Hiki ndicho chombo changu kikuu, na kinagharimu bei ya daftari la shule. Baadaye utaliweka kwenye kompyuta. Anza na karatasi, kwa sababu umeme wetu unajulikana.

Chora safu saba: tarehe, nani alisema, alisema maneno gani hasa, mbele ya nani, lini itatimia, nani kwa mteja anahusika, imefika wapi. Safu ya tatu ndiyo yenye kazi. Usiandike "aliahidi maji." Andika kama lilivyotoka kinywani: "Mwezi wa sita mutakuwa na pompe tatu." Kati ya "tutajaribu" na "tutaleta" kuna mgogoro mzima, na miezi minane baadaye kila upande utakumbuka neno linaloufaa.

Wiki ya kwanza ya mkataba sionekani na kamera. Nakaa na watu wa mteja wanaokwenda mashambani na kwenye kartye. Wakurugenzi hujua mipango, lakini madereva ndio wanaojua kilichosemwa. Dereva mmoja alinipa kwa nusu saa, akila bukari (ugali) na samaki wa tomsoni, ahadi sita ambazo hazikuwa kwenye karatasi yoyote ofisini: moja ya mipira ya kandanda, moja ya mabati ya kanisa, moja ya kumwajiri mtoto wa fulani.

Baada ya hapo naenda kwa watu wenyewe. Shefu wa kartye kwanza, hata kama unajua hana nguvu, maana ukimruka utapata adui wa bure. Kisha wamama wa sokoni na wa kanisa, kisha vijana wa parking ya pikipiki. Salimu vizuri, kaa ukikaribishwa, mtu mzima ni papa au mama, kijana aliyekuzidi kidogo ni yaya. Na uwe na swali moja: "Waliwaambia nini?" Usiulize kamwe "munahitaji nini?" Swali hilo mdomoni mwa mtu aliyetumwa na kampuni ni ahadi tayari. Ukishaliuliza, umeongeza mistari kumi kwenye daftari na hakuna hata mmoja wenye bajeti.

Ukimaliza, mpelekee mteja orodha na muigawe pamoja: yaliyotimia, yaliyo njiani, na ambayo hayatafanyika. Fungu la tatu ndilo litakalokupa maumivu, kwa sababu mteja atataka kulinyamazia. Usikubali. Mtu akiambiwa "hii haitafanyika, na sababu ni hii" atakasirika wiki moja. Akiachwa asubiri, atakasirika siku ya sherehe yako.

Kampuni ile ya kisima ilinirudia baada ya miezi miwili, kwa sababu vijana walikuwa wamefunga barabara ya malori yake. Mkataba wa pili ulikuwa wa daftari tu, hakuna hema. Tulikuta ahadi 19. Pampu ya pili ilichimbwa mwaka uliofuata. Ya tatu tulikwenda kuieleza kwa nini haiji: wapimaji hawakupata maji ya kutosha pale. Tulieleza kwa karatasi ya wapimaji mkononi, tukiisoma kwa Kiswahili mstari kwa mstari. Yule mama wa bidoni alikuwepo. Aliuliza maswali magumu kuliko ya mwandishi yeyote niliyewahi kumwita.

Hatua ya 5: Weka bei

Usikisie. Hesabu kwa mfano huu, kisha weka namba zako. Tuseme mwezi unakugharimu dola 900: chakula na kodi ya nyumba yako, sehemu ya buro (ofisi), unite na mega za simu, teksi, mafuta ya jenereta. Katika mwezi siku za kazi ni kama 22, lakini siku 10 zitaliwa na kutafuta wateja, kufuatilia malipo na kupanga foleni ofisini kwa watu. Zinabaki 12 za kulipwa. 900 ukigawa kwa 12 unapata 75. Ongeza thuluthi hivi kwa kodi, akiba na miezi mikavu, utafika kwenye dola 100 kwa siku. Hiyo ndiyo sakafu yako. Kazi ya siku nane haiwezi kuwa dola 300 eti kwa sababu mteja ni mjomba.

Uza kwa mwezi kila unapoweza, hata kiasi kidogo, kuliko kwa sherehe. Sherehe hulipa mara moja na kukuchosha. Daftari halifungwi. Kwenye mkataba weka kazi gani imo na gani haimo, komunike ngapi, mikutano mingapi, nani anaidhinisha maandishi na kwa saa ngapi, bei kwa dola na namna ya kubadilisha kama malipo ni franka, na avansi kabla hujatoka nyumbani. Mimi nachukua nusu. Gharama za viti, hema, chakula na spika mteja alipe moja kwa moja kwa mwenye navyo. Ukizibeba wewe umekuwa benki yake.

Hatua ya 6: Mteja wa kwanza

Chagua biashara tatu unazozifahamu. Pita kwenye mtaa wake, sikiliza wanachosema watu juu yake kwa siku mbili, tazama kurasa zake na maoni yasiyojibiwa. Andika ukurasa mmoja, usiozidi: mambo matatu watu wanayouliza, na jambo moja unaloweza kulifanya ndani ya mwezi. Mpelekee mwenyewe, kwa miguu yako, umevaa vizuri. Huu ni mji wa kuonana. Barua pepe isiyo na uso inakufa.

Kliniki moja niliipata hivyo. Ukurasa wangu ulisema watu wa Kenya, komini ya hapa Lubumbashi, wanaamini lazima ulipe dola kabla ya kumwona daktari. Haikuwa kweli. Ilikuwa bango la zamani pale mlangoni ambalo hakuna aliyelitoa. Bango lilitolewa siku ileile, nami nikapata mkataba wa miezi sita.

Hatua ya 7: Waandishi wa habari, na bahasha

Waandishi ni wenzako wa kazi. Wajue kwa majina na kwa vipindi: nani anafanya habari za Kiswahili za asubuhi, nani anapenda mambo ya migodi, nani anatoka kweli kwenda Kipushi na nani anaandika akiwa amekaa. Radio Okapi, inayosikika tangu 2002, ina habari za Kiswahili. Kituo cha hapa cha RTNC, redio na televisheni ya taifa, kina wasikilizaji wake wazee. Redio ndogo za kartye zina watu wengi kuliko unavyodhani, hasa saa za jioni wakati umeme umekwenda na betri ndiyo inafanya kazi.

Sasa coupage. Kila mtu katika kazi hii anaijua, na wageni ndio wanaojifanya kushangaa: ile pesa anayopewa mwandishi mwisho wa mkutano, kwenye bahasha, kwa kushikana mikono chooni au nyuma ya gari. Mishahara katika redio nyingi ni midogo au haiji kabisa, kwa hiyo sitamhubiria mwandishi. Lakini wewe kama mfanyabiashara angalia unachonunua. Ukilipa leo ili habari itoke, kesho mshindani wako atalipa ili itoke ya kukuharibu, na atakayepokea ni yuleyule. Tena mteja atasema komunike yako haina thamani, bahasha ndiyo yenye thamani.

Kanuni yangu ni hii. Nauli hulipwa, kiasi kilekile kwa wote, kimetajwa kwenye mwaliko, kinatolewa wanapofika kabla mkutano haujaanza, kwa orodha inayosainiwa. Anayeondoka bila kutoa habari hadaiwi. Mteja akitaka uhakika wa kutoka, anunue muda wa matangazo na itangazwe wazi kwamba ni tangazo. Nimepoteza waandishi kadhaa kwa kanuni hii. Waliobaki wananipigia simu kabla ya kutoa habari mbaya juu ya mteja wangu, na simu hiyo moja ina thamani kuliko habari kumi nzuri.

Habari ikitoka na kosa, usimpigie mwenye redio umtishe. Sheria ya vyombo vya habari, ile ordonnance-loi namba 23/009 ya tarehe 13 Machi 2023, inatambua haki ya kujibu na ya kusahihisha. Andika jibu fupi, la adabu, lenye ushahidi, ulipeleke kwa mhariri.

Katika kuandaa mkutano, weka asubuhi ili habari ziwahi taarifa za mchana na jioni. Karatasi moja tu, majina yameandikwa sawa, namba zimehakikiwa. Awepo mtu mmoja wa mteja anayeweza kusema Kiswahili mbele ya kipaza sauti bila kutetemeka. Tuma na kipande cha sauti cha nusu dakika kwa WhatsApp kwa wasioweza kuja. Na tazama ratiba ya Mazembe, timu yetu ya kandanda. Ukiita waandishi mchana ambao kuna mechi Kamalondo, utahutubia viti vyako mwenyewe.

Picha za watu: omba ruhusa, na ya mtoto iombe kwa mzazi, kwa maandishi. Kodi ya Numeriki (code du numérique, sheria ya mambo ya kidijitali) ya 2023 ina sehemu nzima kuhusu data za watu. Hata isingekuwepo, mama ambaye mwanawe umemweka kwenye bango la kampuni bila kumwambia atakutafuta, na atakuwa na haki.

Hatua ya 8: Andika watu waelewe

Hili hapa ni tangazo kama nilivyoletewa na mteja, lilitafsiriwa kutoka Kifaransa neno kwa neno:

"Katika mfumo wa sera yake ya uwajibikaji, kampuni inawajulisha wakazi kwamba shughuli za ukarabati wa miundombinu zitasababisha usumbufu wa muda, na inaomba radhi kwa hali hiyo."

Nililisoma kwa sauti katika soko la Kenya, kwa muuza samaki ninayemwamini. Akaniuliza, "Banakufa banani?" Alidhani ni tangazo la msiba. Tukaliandika upya:

"Kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, barabara ya kwenda soko la Rwashi itafungwa kutoka saa 2 asubuhi (8h00) hadi saa 10 jioni (16h00). Tunachimba mtaro. Magari yapite nyuma ya shule. Mgonjwa na msafara wa kilio watapitishwa: mwambie mlinzi mwenye koti la machungwa. Ukiwa na shida, piga namba hii. Atakayepokea anasema Kiswahili."

Saa ziandike kwa namna zote mbili kama hapo, maana wengi wetu tunasema Kiswahili na kuhesabu saa kwa Kifaransa. Kwenye bango tumia Kiswahili ambacho mtu wa Kalemie na wa Likasi watakisoma sawasawa. Redioni sema kile cha hapa, chenye "ao" na "bote." Usikigeuze kuwa kichekesho tu, watu wanajua ukiwaigiza.

Hatua ya 9: Siku mbaya

Itakuja. Tuseme lori la mteja limegonga pikipiki kwenye barabara ya Kasumbalesa. Picha zitafika kwenye simu yako kabla mteja hajajua. Simamisha kwanza kila tangazo lililopangwa. Hakuna kitu kibaya kama pongezi za siku ya kuzaliwa kwa mkurugenzi juu ya picha ya maiti. Mpe mteja mtu mmoja wa kusema, wengine wanyamaze. Ndani ya saa chache toa sentensi nne: kilichotokea kinachojulikana, kisichojulikana bado, kinachofanyika sasa, na saa ya taarifa inayofuata. Saa hiyo ikifika sema, hata kama huna jipya.

Na familia kabla ya redio. Mkurugenzi aende kwenye kilio mwenyewe, akae chini na wengine, bila kamera, bila fulana zenye nembo. Niliwahi kumzuia mpiga picha mlangoni kwa mkono wangu. Mwanasheria atasema mkurugenzi asiende kwa sababu kwenda ni kukiri kosa. Mkalishe mwanasheria na wazee wa familia kabla, wakubaliane maneno. Kuomboleza na kukiri ni mambo mawili, na kila mtu katika Katanga anajua tofauti yake.

Hatua ya 10: Ripoti

Kila mwezi kurasa mbili. Wengine hupima ukurasa wa gazeti kwa sentimita na kusema "ungelipia hii dola elfu mbili." Wataalamu waliokutana Barcelona mwaka 2010 walishasema bei ya tangazo haipimi thamani ya mawasiliano, na wewe usianze nayo. Mimi naandika ahadi ngapi zimefungwa, ngapi zimechelewa na kwa nini, malalamiko mangapi yameingia na yalijibiwa kwa siku ngapi, na maswali matatu mapya yanayosikika kwenye kartye. Ukurasa wa pili ni maneno ya watu kama walivyoyasema.

Mtu wa kwanza wa kumwajiri

Usikimbilie buro katikati ya mji na kiti cha ngozi. Mwaka wa kwanza wateja ndio watakaokuita kwao. Pesa ya kodi ya buro mlipe mtu. Na mtu huyo asiwe mpiga picha, wapo wengi wa kukodi. Wanafunzi wa mawasiliano wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi hutafuta stage (mafunzo kazini) kila mwaka; chukua wawili, uwatume kwenye kartye ileile siku tofauti na swali lilelile moja, kisha linganisha walichoandika. Mmoja atakuletea ukurasa wa Kifaransa safi wenye "wananchi wameonesha kuridhika." Mwingine atakuletea karatasi yenye doa la mafuta, majina ya watu saba, na maneno yao yalivyotoka, pamoja na matusi. Huyo wa pili mpe mkataba, mpe na daftari jipya.